Kura ya Mwanafunzi wa Arobaini

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwa woga. Kutaja jina la nchi yetu kunahitaji kibali kutoka Idara ya Kutaja, na afisa anayetoa vibali yuko likizo tangu mwaka juzi. Nitasema tu kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, na kila kitu chake kimekamilika isipokuwa vile ambavyo bado.

Mwaka ule serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wa sekondari washirikishwe kupanga masomo yao ya fizikia. Mheshimiwa Waziri wa Elimu alikuwa amekwenda ng'ambo siku nne, na huko aliona kwa macho yake mtoto akiulizwa anataka kujifunza nini. Mtoto akajibu. Waziri alishtuka sana. Aliporudi alihutubia taifa kwa saa mbili na nusu.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo mtoto wa nchi hii hatafundishwa tena fizikia. Atashirikishwa fizikia! Yeye mwenyewe atasema anataka kujua nini, na sisi tutamwambia kama kweli anataka."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga hadi viganja vikawasha, maana nilikuwa nimesimama karibu na mtu anayeandika majina.

Wapo waliouliza kwa nini fizikia, kwa nini wasianze na historia. Waraka wa Wizara ulieleza vizuri. Historia haiwezi kushirikishwa kwa sababu baadhi ya wahusika wake bado wako madarakani. Fizikia haina wahusika. Ni mawe, waya na maji. Jiwe halijawahi kumtaja mtu.

Hivyo ndivyo walivyofikiri.

*

Mimi ni Kondo, mhudumu wa maabara katika shule moja iliyo mbali na lami. Shule niliacha darasa la sita, na hakuna kisa cha kusikitisha hapo, niliacha tu. Kazi yangu ni kutunza funguo na vifaa. Vifaa vyenyewe ni springi tatu, sumaku moja iliyochoka, na kalipa, kile kidude cha taya mbili cha kupimia unene wa kitu. Kalipa ni yangu. Nilikuja nayo kutoka kwenye ufundi wa chuma, kazi niliyoifanya miaka ishirini. Kazi ya mwisho ya ufundi niliyoifanya ilikuwa jukwaa la tangi la maji la shule hiyo hiyo.

Nilieleze jukwaa hilo mara moja tumalizane nalo, ingawa mimi mwenyewe sijamalizana nalo.

Tangi lilikuwa la lita elfu tano. Lilikaa juu ya jukwaa la mbao nyuma ya jiko, na jukwaa lilining'inia kwenye mihimili miwili mikubwa kwa nondo nne, moja kila kona. Mchoro ulitaka nondo za milimita kumi na sita. Mkandarasi alileta za milimita nane. Nilizipima, nikamwonyesha. Akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Kondo, wewe ni fundi au ni bunge?"

"Ni fundi, bosi."

"Basi funga."

Nikafunga.

Kwa miezi mitano tangi lilikaa, kwa sababu pampu ya shule ilikuwa dhaifu na maji hayakuwahi kupita robo. Kisha ikatangazwa ziara ya mkaguzi kutoka makao makuu. Mkuu wa Shule akaazima pampu kubwa na kuagiza tangi lijazwe hadi mdomoni, ili mkaguzi akifungua bomba ayaone maendeleo yakitoka kwa kasi. Siku hiyo saa nne asubuhi, mwanafunzi wa kidato cha tatu B, Sekela Ambakisye, alikuwa pale chini anakinga maji kwa ndoo yake ya njano. Alikuwa na miaka kumi na sita. Zaidi ya hapo sielezi.

Iliundwa tume. Ikaniita. Mwenyekiti aliniuliza kwa upole, "Fundi, ulizipima nondo zile?"

Nilimtazama mkandarasi. Alikuwa amekaa mkono wa kulia wa mwenyekiti, maana alikuwa mjumbe wa tume.

"Sikupima," nikasema.

Mwenyekiti alisimama akanipa mkono. Ripoti ilitoka baada ya siku mbili, nayo ilikuwa na akili nyingi. Fundi hakupima, kwa hiyo hakuna kipimo. Pasipo kipimo hakuna upungufu. Pasipo upungufu tangi haliwezi kuanguka. Tangi, ripoti ikahitimisha, lilihamia usawa wa chini.

Na kwa kuwa halikuanguka, hakuna aliyeangukiwa. Sekela akaendelea na masomo.

*

Nisieleweke vibaya. Alizikwa. Nilikuwepo, nilishika koleo. Lakini kwa sheria zetu kaburi haliandikwi jina bila kibali cha mtendaji wa kijiji, na mtendaji alifungua kitabu chake akasema mwanafunzi aliye masomoni hawezi kuandikwa kaburini. Huo utakuwa utoro. Kwanza aondolewe kwenye daftari la mahudhurio. Ili aondolewe ijazwe fomu, na sehemu ya mwisho ya fomu isainiwe na mwanafunzi mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili; la sivyo, iletwe barua ya shule kwamba alikosa darasa walau siku moja.

Basi kila asubuhi kidato cha tatu B kiliitwa majina arobaini, na viti vilikaliwa na thelathini na tisa.

"Sekela Ambakisye."

Kimya.

Mwalimu wa darasa, Madamu Koku, ambaye ndiye pia aliyefundisha fizikia, aliweka alama ya vema. Hakupenda. Lakini mwalimu aliyemtangulia alikuwa ameweka x nyekundu mara moja, ikafutwa siku hiyo hiyo, na sasa anafundisha katika shule ambayo bado haijajengwa.

Kila mwisho wa mwezi barua ilikwenda kwa mzazi. *Tunakupongeza. Binti yako hajakosa darasa hata siku moja.* Na kila ikifika, Mama Sekela aliikunja, akatembea nayo kutoka kwao, akaja kuketi kwenye kizingiti cha maabara yangu.

"Kaka Kondo, wamenipongeza tena."

"Nimeona, Mama Sekela."

"Mimi pongezi sizitaki. Nataka x moja. Nikiipata nampelekea mtendaji, naandika jina kwenye kibao, nalala. Saa hizi nikienda pale, wa kwangu ni lile tuta lisilo na kitu. Na matuta yasiyo na kitu yameanza kuwa mengi. Mvua mbili zikipita nitamlilia mtoto wa mtu mwingine."

"Itapatikana, mama."

"Kwa nani? Wewe si ndiye uliyejenga?"

"Mimi nilifunga tu."

Aliikunja tena barua, akajifuta vumbi la kizingiti, akaondoka. Alikuwa na namna yake ya kuondoka, mtu anabaki nayo wiki nzima.

Sasa niseme habari ya ndoo, mnielewe kwamba nasema kama nilivyoona. Ile ndoo ya njano ilibaki pale nyuma ya jiko, mdomo umepasuka, herufi S.A. zimeandikwa kwa msumari wa moto. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Kila asubuhi nikifika naikuta imejaa maji. Hatukuwa na tangi, mvua haikuwa imenyesha miezi mitatu, wanafunzi walichota bondeni. Nikayamwaga. Kesho yake imejaa. Nikayamwaga tena. Mpishi alipoona siku ya nne alivua aproni, akaitundika msumarini, hatukumwona tena. Nilikwenda kwa Mkuu wa Shule nikamweleza. Alisikiliza kwa makini, akachukua kalamu, akajaza ripoti ya mwezi: *Hali ya maji shuleni: inaridhisha.*

Na ndani ya maabara, ambamo mabomba yamekauka hadi yameota kutu, nilisikia tone likidondoka. Moja. Halafu kimya. Halafu moja. Lilitoka upande wa kabati. Ndani ya kabati, nyuma ya springi, nilikuwa nimeficha kipande cha nondo kilichobaki siku ile ya kufunga. Kwa nini nilikiweka sijui. Nilikuwa nakitoa nakishika, nakirudisha, na mkono unabaki na majimaji.

Nilijiliwaza kwa hesabu ya darasa la sita. Nane ni nusu ya kumi na sita. Kwa hiyo nilimpa yule mtoto nusu ya nguvu. Nusu si haba, nilijiambia. Mtu aliyetoa nusu hakutoa bure.

*

Kura ya fizikia ilifika shuleni kwetu ikiletwa na Bwana Tindwa, Afisa Mshirikishi wa Kanda. Alikuja na sanduku lenye kufuli, mabango mawili na shati la pili la kubadilisha baada ya hotuba.

"Vijana," alisema mbele ya kidato cha tatu B, "leo mko huru. Kila mmoja ataandika jambo analotaka kujifunza katika fizikia. Mada itakayokubaliwa na wanafunzi wote walio kwenye daftari, bila kukosa hata mmoja, itafundishwa. Mkishindwa kukubaliana, Wizara haitawatupa. Imewaandalia mada nzuri sana: Mwendo wa Msafara wa Kiongozi Katika Mstari Mnyoofu."

Kijana mmoja mrefu, Zamoyoni, kiranja wa darasa, akanyoosha mkono. "Afisa, tunaweza kuuliza chochote?"

"Chochote kabisa, mradi kimo kwenye orodha."

"Na kisichokuwemo?"

"Andika tu, mwanangu. Tutakiona, tutakuelewa, halafu tutakusaidia kukiondoa."

Nilikuwa nimekata karatasi arobaini kama daftari lilivyosema. Nikagawa. Nilipofika kwenye dawati la Siwema nilisita. Siwema alikuwa akikaa na Sekela tangu kidato cha kwanza, na mpaka siku ile alikaa nusu ya benchi, ameacha nafasi. Daftari lake lilikuwa limevimba upande wa ile nafasi, kurasa zimejikunja kama zilizolowana zikaanikwa.

"Weka na yake, Mzee Kondo," alisema bila kuinua macho.

Nikaiweka kwenye benchi tupu.

Waliandika haraka, wakatumbukiza. Bwana Tindwa akafungua sanduku kwa madaha, akaanza kusoma kwa sauti ya redioni.

"Kwa nini tangi lilianguka?"

Akakunja. Akafungua ya pili.

"Kwa nini tangi lilianguka?"

Ya tatu hakuisoma. Wala ya nne. Alizifungua zote thelathini na tisa, midomo ikicheza bila sauti, jasho likatoka kwenye shati la kwanza likaanza kutafuta la pili. Kisha akakumbuka kitu, uso ukamchangamka.

"Thelathini na tisa!" alisema. "Daftari lina arobaini. Hamjakubaliana wote. Yuko mmoja hajapiga kura. Kwa masikitiko makubwa, basi, tunachukua ile ya msafara..."

"Ni nani huyo ambaye hajapiga, Afisa?" Madamu Koku aliuliza. Alikuwa mwembamba, sauti ya chini, mtu unayeweza kumdharau usipomwangalia vizuri.

Bwana Tindwa akapitisha kidole kwenye daftari. "Ni huyu... Sekela Ambakisye."

"Na kwa nini hajapiga?"

Afisa akafungua mdomo. Nilimwona akiitafuta njia. Akisema hayupo, ataulizwa yuko wapi. Akisema alikufa, ataulizwa alikufa na nini. Na tangi lilihamia usawa wa chini; ipo ripoti, ina mhuri. Darasa zima lilimtazama likimsubiri kwa adabu.

"Amechelewa," alisema hatimaye. "Tumpe hadi saa saba."

"Ahsante, Afisa," Madamu Koku akasema. "Hana kawaida ya kuchelewa. Mahudhurio yake ni asilimia mia."

*

Sanduku liliwekwa maabara, chini ya uangalizi wangu. Karatasi ya Sekela nilikuwa nimeichukua kwenye benchi. Jua lilikuwa la saa sita, shule imetulia, na kabatini lile tone likaanza.

Nitasema ukweli. Niliichukua kalamu nikaandika neno moja: TANGI. Mwandiko wangu ni wa herufi kubwa, zimekaa upande kama vitu vilivyomwagika. Nikaikunja mara mbili, nikaitumbukiza. Nilijiona shujaa. Nimemsaidia mtoto kupiga kura, jina langu halimo, mkono wangu msafi. Hivyo ndivyo ushujaa ulivyo katika nchi yetu. Unafaa kufanywa ukiwa peke yako chumbani na jina la mwingine.

Saa saba Bwana Tindwa akarudi na darasa likasimama kuzunguka meza. Akafungua kufuli. Akatoa karatasi, akaitikisa kwa sababu ilikuwa imelowa. Na kwa kuwa alizoea kusoma kila anachopewa, aliisoma kwa sauti.

"Tangi. Muulizeni Mzee Kondo. Alipima."

Nilimnyang'anya karatasi, sikujali cheo chake. Herufi zangu hazikuwemo. Palikuwa na mwandiko wa mviringo, safi, wa wino uliotandaa kidogo kwa maji.

Siwema aliinama akatazama, akavuta pumzi.

"Huo ni wake," alisema. "Hata hiyo T. Alikuwa anaikata hivyo."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Bwana Tindwa alikuwa ameshika kingo za meza. Hakuweza kusema kura ni ya maiti, maana maiti hakuwepo. Ilibaki njia moja tu, na kwa kuwa alikuwa mtumishi mwaminifu, akaipita. Aligeukia lile pengo karibu na Siwema, akakohoa.

"Hongera, Sekela," aliliambia. "Kura imekamilika."

*

Alipopiga simu makao makuu, hawakumuuliza mada ni ipi. Walimuuliza asilimia. Aliposema mia, nilisikia vigelegele kwenye simu. Shule ya kwanza nchini! Wakaamuru kipindi kifundishwe kesho yake asubuhi, kirushwe moja kwa moja na redio ya taifa, na wazazi washirikishwe kukisikiliza. Bwana Tindwa alijaribu kuwaambia kitu, lakini mtu wa upande wa pili alikuwa anaimba.

Asubuhi nilipita nyuma ya jiko. Ndoo ilikuwa imejaa hadi ukingoni, maji yamesimama juu kidogo ya mdomo kama yanayojizuia. Sikuyamwaga.

Maabara ilijaa. Mtu wa redio aliweka kipaza sauti chake juu ya meza kati ya sumaku na springi. Mkuu wa Shule alivaa tai. Bwana Tindwa alivaa mashati yote mawili. Nyuma kabisa, kwenye stuli, alikaa Mama Sekela na barua zake kumi na moja mapajani.

Madamu Koku akaandika ubaoni: *Kwa nini tangi lilianguka?*

"Darasa limeomba tuanze kwa kumuuliza mtu," alisema. "Mzee Kondo, zile nondo zilikuwa na unene gani?"

Lile neno lilikuwa tayari mdomoni. Nimelisema mara moja, linajua njia. *Sikupima.* Ningelisema, tungerudi kwenye msafara wa kiongozi, mimi na funguo zangu, hadi nistaafu. Mama Sekela alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayengojea kuitwa jina kwenye foleni ndefu.

Tone.

Nilifungua kabati, nikaingiza mkono nyuma ya springi, nikatoa kipande. Nilikiweka kwenye taya za kalipa mbele ya watu wote, nikampa Zamoyoni asome.

"Milimita nane," alisema.

"Mchoro ulisema kumi na sita," nikasema. "Nilizipima siku ile ile. Niliziona. Nikafunga. Kwenye tume nilisema sikupima. Nilisema uongo."

Mkuu wa Shule akaanza kukohoa kwa nguvu karibu na kipaza sauti. Nami kwa kuwa nimeshaanza, nikataka kumalizia na kile kilichokuwa kikinipa usingizi.

"Ilikuwa nusu," nikasema. "Mama, najua ni makosa. Lakini nusu nilimpa."

Zamoyoni akainua mkono, mtoto mwenye adabu.

"Samahani, Mzee Kondo. Si nusu."

"Nane si nusu ya kumi na sita?"

"Ya unene ndiyo. Ya nguvu hapana. Madamu, tumwonyeshe?"

Walikuwa wamejiandaa, walipanga kipindi chao wenyewe, kama serikali ilivyotaka. Kwenye boriti ya paa walifunga waya mbili, moja ya milimita moja, nyingine ya milimita mbili. Kwenye ile nyembamba wakatundika ndoo ya maji. Ikabeba. Walipoongeza ya pili, ikakatika, puu, maji yakatulowesha miguu.

"Hii nyingine ni nene mara mbili," Zamoyoni akasema. "Mzee, itabeba ndoo ngapi?"

"Mbili," nikasema.

Wakatundika mbili. Ikabeba. Wakatundika ya tatu. Ikabeba. Ndoo za jikoni zikaisha. Siwema akatoka bila kuaga, akarudi amebeba ile ya njano kwa mikono miwili, polepole, bila kumwaga hata tone. Mama Sekela alisimama. Siwema akaitundika ya nne.

Waya ikalia kidogo. Ikabeba.

"Nne," Madamu Koku alisema. "Unene ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Na unene ukipungua nusu..."

"Robo," darasa likaitikia.

Robo. Mwaka mzima nilikuwa nimelala juu ya nusu, na watoto hawa wakaja kuniondolea hata hiyo. Nilimpa robo. Ndiyo maana tangi lilikaa miezi mitano lilipokuwa na maji ya robo. Halikuwa linavumilia. Lilikuwa limefika mwisho wake tangu siku ya kwanza, linasubiri mtu alijaze.

"Halafu mkalijaza," Siwema alisema. Hakumtazama mtu yeyote, lakini Mkuu wa Shule aliacha kukohoa.

Mama Sekela alikuja hadi mbele, akaishika ndoo ya njano iliyokuwa inaning'inia, akaituliza isizunguke.

"Kwa hiyo lilianguka," alisema.

"Lilianguka, mama," Madamu Koku akajibu.

Maneno hayo mawili yalisikika nchi nzima. Sekunde iliyofuata redio ikaweka wimbo wa kushukuru.

Madamu Koku hakuungoja uishe. Alifungua daftari, akaita majina. Wakaitika mmoja mmoja, nipo, nipo. Alipofika kwa Sekela aliita, akalitazama lile pengo karibu na Siwema kwa muda ambao sikuupima. Kisha akachukua kalamu nyekundu.

*

Serikali haikukasirika. Serikali yetu haikasiriki, hutoa waraka. Waraka ulisema: *Kuanzia tarehe ya leo, nusu ya unene itabeba nusu ya uzito. Nondo, waya na kamba zote nchini zijirekebishe ndani ya siku thelathini.* Ukaongeza kwamba ushirikishwaji umefaulu kupita kiasi na kwa hiyo umesitishwa. Madamu Koku alihamishiwa kwenye ile shule ambayo bado haijajengwa. Ananiandikia kwamba walimu huko sasa ni wengi na wanasomeshana wenyewe. Kipande changu cha nondo kilichukuliwa na watu wawili wenye glovu. Mimi nilifukuzwa kwa kosa la kupima.

Lakini safari hii hakuna aliyekumbuka kulifuta daftari, na barua za wazazi huandikwa na karani, na karani hufuata alama. Mwisho wa mwezi ilikwenda kama kawaida. *Tunasikitika kukujulisha kwamba binti yako hakuwepo darasani.* Mama Sekela akampelekea mtendaji. Mtendaji aliigeuza mbele na nyuma.

"Amekosa siku moja tu?"

"Hiyo hiyo moja."

Akagonga mhuri. Naye ni mtu wa karatasi. Hakuwa na ubaya.

Ndoo ya njano Mama Sekela alikwenda nayo nyumbani. Ilikuwa kavu alipoichukua, na imebaki kavu hadi sasa, amenihakikishia. Lakini nasikia katika shule nyingine, kanda nyingine, kuna ndoo ambazo asubuhi hukutwa zimejaa na hakuna anayejua nani anachota. Wizara inazo taarifa hizo zote. Imeziweka kwenye jedwali moja, na jumla yake inasomeka kwamba hali ya maji nchini inaridhisha. Mimi siku hizi nikiingia mahali popote natazama kwanza juu.

Kibao Mama Sekela alinipa mimi nikichonge. Sikumuuliza kwa nini mimi. Nilitafuta ubao mgumu, nikaupiga randa, nikachora mistari miwili ya penseli. Nikatoa kalipa. Sekela ni herufi sita, Ambakisye ni herufi tisa, na ubao una mwisho wake.

Safari hii nilipima, na Mama Sekela aliponiuliza kama nimepima, nilisema.